Buti la Mtani

Mihayo alinipigia simu asubuhi nikiwa nimeinama shambani kwangu Kisarawe, napalilia mihogo. Nilijua kabla hajasema. Mtoto wa mwenzako akikuamkia kwa sauti ya chini vile, unabaki umeshika simu na jembe hujui uweke kipi chini. "Marahaba," nikaitika, "lini?" Akasema jana jioni, nyumbani, kikombe cha uji bado kiko mkononi. Mazishi kesho saa nane, hapo hapo Pangani ya Kibaha, na katekista ameshaambiwa. Kisha akasema, "Baba, mama anaomba uje mapema. Nguo za mzee tumekuwekea." Nikakaa juu ya tuta, magugu yakaningoja. Mimi ni Mzaramo na baba yake, Maganga, alikuwa Mnyamwezi, na watu wetu wametaniana tangu enzi za misafara. Akifa Mnyamwezi, Mzaramo huvaa nguo za marehemu, akatembea alivyotembea, akakohoa alivyokohoa, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kulia. Ndiyo kazi ya mtani, na haikataliki. Tena Maganga ni rahisi kumwigiza. Alichechemea mguu wa kushoto miaka arobaini na kitu, na kutoka Pangani mpaka Kongowe mwendo wake wanaujua hata watoto wa shule. Wanawe wanaamini ni bomu la vita. Si bomu. Mguu ule niliuharibu mimi, kwa mzaha, na mpaka anaingia kaburini sikuwahi kujua kama alinikasirikia.

Mwaka ule wa vita ya Kagera nilikuwa na miaka ishirini, na jeshini nilikuwa na miezi saba. Bwalo letu lilikuwa banda la bati lenye kuta pande tatu, upande wa nne mvua inaingia inavyotaka, na maharage yalikuwa na wadudu kiasi kwamba tuliacha kuwatoa. Siku moja ikaja nyama. Nimepewa kipande kimoja, nimekibakiza cha mwisho, jamaa mrefu aliyekaa mbele yangu akaniuliza, "Kwenu wapi?" Nikamwambia Kisarawe. "Mzaramo?" Sijamaliza kuitika, mkono wake umeshaingia kwenye sahani yangu na kutoka na nyama. Akatafuna huku ananitazama. "Mimi Maganga, natoka Sikonge. Nyie mmezoea mihogo, nyama itakuumiza tumbo." Watu waliacha kula wakingoja ngumi. Mimi nikacheka, ningefanya nini? Mtani akichukua chako amechukua, ukinuna unajiaibisha mwenyewe na ukoo wako. Kesho yake nikachukua blanketi lake nikalilalia mimi, na yeye akalala na baridi ya Kagera akicheka. Tukawa hatuachani. Nikimwita mpagazi, ananiita mcheza ngoma. Nawaambia haya ili mjue kwamba lile la buti halikuwa la kwanza. Tulikuwa tumefichana vitu ishirini kabla ya hapo, na kila mara ilikuwa furaha.

Sajenti Kihwele ndiye aliyetuchagua. Alikuwa Mhehe mfupi mwenye sauti ya upole ya mtu anayesoma neno kanisani, na kazi yake ilikuwa kuvuka mto watu watatu watatu, kuingia nyuma ya adui, kukaa huko siku moja au mbili, kuchoma au kulipua kitu, kisha kurudi kabla hawajajua wamepigwa na nani. Ng'ambo ile ilikuwa nchi yetu wenyewe, ila adui alikuwa ameishika na wenyeji wamekimbia. Sajenti alitaka waliokulia porini. Maganga alikuwa anarina asali na baba yake, mimi nilitega kanga na sungura tangu sijaota ndevu, basi tukafaa. Amri zake zilikuwa chache na alizirudia kila tukikaa: usikohoe, usivute, na mabuti yasivuliwe yote mawili. Ukitaka kukausha mguu vua moja, ukishalivaa ndipo uvue la pili, na hilo ulilolivua lisitoke mkononi mwako. Safari mbili za kwanza tulikwenda na kurudi salama, na nadhani ndiyo yaliyonipa kiburi. Unarudi mzima mara mbili, unaanza kudhani kifo kinakujua na kimeamua kukupisha.

Safari ya tatu tulivuka kwa mtumbwi alfajiri, tukajificha kwenye nyumba moja iliyokuwa katikati ya migomba, karibu na shule ambayo adui alikuwa anaweka mapipa ya petroli. Nyumba ile naikumbuka kuliko nyumba niliyozaliwa. Ilikuwa na vyumba vitatu, sakafu imetandikwa nyasi laini kama wafanyavyo Wahaya, na ukutani kuna kalenda ya kanisa na picha ya bibi harusi ambayo kioo chake kimepasuka. Chumba cha watoto kilikuwa na kitanda kimoja na sweta dogo la kijani limetupwa mlangoni, kama mwenyewe alikuwa analivaa akakatizwa. Jiko lilikuwa banda la peke yake nyuma, hatua tano sita kutoka mlango wa uani, na ndani yake mafiga matatu na juu yake uchaga wa kukaushia kuni. Tulikula ndizi mbichi kwa sababu moto haukuruhusiwa. Sajenti alikaa dirishani akitazama barabara na kunong'ona idadi ya malori. Mpango ulikuwa tungoje mvua kubwa ya mchana, walinzi wakijibanza kwenye kipenu, sisi tuweke baruti chini ya mapipa na tuondoke, na jioni ile ile mtumbwi ungetungoja mahali tulipouacha.

Maganga alivua buti la kushoto, akalishika mkononi, na usingizi ukamchukua ameegemea ukuta. Vidole vikalegea. Sijui niwaelezeje. Nilikuwa naogopa mpaka meno yananiuma, na kukaa kimya saa nyingi na hofu ya namna ile kunamfanya mtu mpumbavu. Nikamtazama amelala mdomo wazi, mate yanamtoka, Mnyamwezi mzima, na buti limeanguka ubavuni. Nikalichukua. Nikatoka taratibu mlango wa uani, nikaingia jikoni, nikalichomeka juu ya uchaga katikati ya kuni. Nilitaka akiamka aniombe. Nilitaka aniite bwana mkubwa mara tatu ndipo nimwambie liko wapi. Hayo tu. Nikarudi nikakaa, nimejibana mdomo, nacheka moyoni kwa mara ya kwanza tangu tuvuke.

Mvua ikaanza kama saa saba, na pamoja na mvua wakaja wao. Walikuwa askari wawili, wamefunika vichwa kwa majani ya migomba, na hawakuja kututafuta, walikuja kujikinga. Wakaingia jikoni moja kwa moja. Tukasikia wanapuliza moto. Mmoja alikuwa na maharage kwenye kopo, nilisikia harufu yake na tumbo langu, lisilo na aibu, likanguruma. Walizungumza Kiswahili chao cha kambini ambacho sisi tukikaa bwaloni tulikuwa tunakiiga na kuvunjika mbavu. Siku ile hakuna aliyecheka. "Mutoto yangu iko mugonjwa surua," mmoja alikuwa anasema. "Barua imefika, lakini imeandikwa mwezi iliyopita. Sasa mimi sijui." Mwenzake akamwambia atapona, wa kwake alipona. "Ya kwako ilikuwa mukubwa," akajibu yule wa kwanza. "Ya kwangu hata haijatembea." Kisha nikasikia sauti ya ukuni unavutwa kutoka kwenye uchaga. Ukavunjwa gotini, ukatiwa motoni. Baada ya muda, ukuni mwingine. Nilikuwa nazijua kuni zile, nilizishika mwenyewe asubuhi, na hazikuwa nyingi.

Maganga alikuwa ameamka. Alikuwa anapapasa nyasi huku na huku bila kutoa sauti, akatazama chini ya kitanda, akamtazama Sajenti, kisha akanitazama mimi. Nilinyoosha kidole kuelekea jikoni. Sajenti Kihwele alifumba macho na kuyafumbua, basi, na mpaka leo ningependa angenipiga. Lakini Maganga, wallahi, mabega yalianza kumtikisika. Alikuwa anacheka. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yanamtoka, anacheka kimya kimya na adui yuko hatua sita na buti lake liko juu ya vichwa vyao. Akaniletea mdomo sikioni. "Mzaramo," akasema, "hii umenipata." Nimeyageuza maneno yale maisha yangu yote. Wakati mwingine nayasikia kama sifa ya mtani kwa mtani. Wakati mwingine, hasa tangu nizeeke, nayasikia vingine.

Hatukuweza kuwaua wale wawili, mlio wa risasi ungewaleta wenzao wote wa shuleni, na hatukuweza kungoja kwa sababu mvua ndiyo ilikuwa mlango wetu. Sajenti akachana kitenge kilichokuwa kitandani, akamfunga Maganga mguu, tukatokea dirisha la chumba cha watoto. Kazi yenyewe ilikwenda vizuri, na ndiyo wanayoipenda watu nikiisimulia, kwa hiyo sitaisimulia. Mapipa yaliruka. Tulikimbia kupitia migomba, na kwenye migomba mguu mtupu hauna shida, lakini baada ya migomba kulikuwa na matete yaliyofyekwa, visiki vimechongoka, na mvua imevifunika kwa maji. Nilikuwa nyuma yake. Nilimwona akisimama ghafla, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kisiki kilikuwa kimeingia chini ya unyayo na ncha imetokeza juu, katikati ya vidole na kifundo. Sajenti alikichomoa. Maganga aliuma mkanda wa bunduki, na sauti aliyoitoa puani sitaki kuisikia tena. Tukafika ukingoni mwa mto giza limeshaingia na mtumbwi umekwishaondoka, kwa sababu amri ya mtumbwi ilikuwa usimngoje mtu.

Tukakaa kwenye mafunjo siku mbili. Maji yalitufika kiunoni, tukitaka kupumzika tunaegemea mizizi. Mimi nilimbeba Maganga mgongoni na Sajenti alibeba bunduki zote tatu. Siku ya kwanza alinitania tangu asubuhi. "Leo Mzaramo ndiye mpagazi," alisema sikioni mwangu, "babu zangu wako wapi waone. Kaza mwendo, mtumwa wangu, pwani bado mbali." Nikamjibu kila neno, maana nilijua akinyamaza ndiyo mwisho. Siku ya pili mguu ulianza kunuka na mwili wake ukawa moto mpaka shati langu likakauka mgongoni. Alizungumza Kinyamwezi, akamwita mama yake, akaniita kwa jina la kaka yake. Sajenti akanivuta pembeni. "Leo jioni usipokuja mtumbwi," akasema kwa ile sauti yake ya kanisa, "tunavuka kwa kuogelea wawili." Nikamwambia aogelee peke yake. Akasema, "Unadhani ukifa hapa buti litarudi?" Nilimchukia kwa sentensi ile, na alikuwa na haki ya kuisema. Alasiri Maganga akapata fahamu kidogo, nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamwambia, "Maganga, nisamehe." Akafungua macho. "Nikusamehe nini? Wewe si mtani wangu? Nikikukasirikia, kwetu watanicheka." Akafumba tena. Jioni mtumbwi ulikuja, tukavuka sote watatu, na Sajenti akaandika kwenye ripoti yake kwamba buti lilinasa kwenye tope.

Hospitalini walimkata nusu ya mbele ya mguu. Nilikwenda kumwona mara moja kabla kikosi hakijasonga kuingia Uganda. Chumba kilikuwa na vitanda vingi vimebanana, na harufu ya dawa haikushinda ile harufu nyingine. Nilikuwa nimekaa na hotuba yangu tangu kambini, nimepanga kuanza hivi na kumaliza hivi. Akaniona mlangoni akawaambia wagonjwa wote, "Ficheni viatu, Mzaramo huyo." Wodi nzima ikacheka. Kila mtu pale alikuwa na kitu kimekatwa na bado wakacheka. Nikakaa ukingoni mwa kitanda chake nikapewa chai ya rangi na nusu ya andazi lake, nikala, nikaondoka, na hotuba nikaondoka nayo. Sajenti Kihwele hakurudi kutoka Uganda. Vita ilipokwisha tukabaki wawili tunaojua, na mmoja wetu hakutaka kulizungumza ila kwa mzaha.

Kaka yake alikuwa na kazi Kibaha, basi Maganga akahamia, akawa mtunza ghala, akaoa, akajenga Pangani. Mimi nikarudi Kisarawe. Ukiwa na mtani saa chache tu kutoka kwako huna raha: anakuja bila hodi, anakamata jogoo, anaingia kwenye chumba chako na kutoka amevaa kanzu yako ya Idi. Watoto wangu walimpenda kuliko wajomba zao. Nami nikienda kwake mama Mihayo, mkewe, alinipikia wali na kuku, na Maganga aliwaambia wanawe niwe nachungwa, nisibaki peke yangu na vitu vya watu. Mara nne nilijaribu kulisema vizuri, tukiwa wawili tu. Mara zote nne aliligeuza likawa kichekesho. Mtu akikukasirikia unaweza kumwangukia miguuni. Akikutukana unajua ulipo. Maganga hakunipa hata kimoja, na mila ilikuwa upande wake, au upande wangu, sijui. Nilikuwa nikirudi nyumbani baada ya kila safari nimeshiba na nina njaa.

Basi siku ya mazishi nilifika saa nne. Wanawake wa Kizaramo wa pale mtaani walikuwa wameshaanza, wamelala njiani wanazuia jeneza lisiingizwe ndani mpaka walipwe. Nikavalishwa koti lake la kahawia na kofia. Makaburini, baada ya katekista kumaliza sala, Mihayo akanitazama akanipa ishara kwa kichwa. Zamu yangu. Nikatembea. Nilikuwa naujua mwendo ule kuliko yeyote pale, maana niliuona siku ulipozaliwa, kwenye matete. Nikainua kiuno, nikatupa mguu wa kushoto nje, nikashika mkono mgongoni kama alivyoshika, na nikasikia kicheko kinaanza kwa wajukuu na kupanda mpaka kwa wazee. Mama Mihayo alikuwa amejifunika khanga usoni, anatikisika. Nikazunguka kaburi mara moja. Mara ya pili sikumaliza. Nikasimama pale ukingoni, jasho linanitoka ndani ya koti la mtu, nikasema kwa sauti, "Jamani. Mguu huu niliuharibu mimi. Si bomu. Nilimficha buti lake."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Ulimficha au uliliuza?" mtu wa Kongowe akauliza. Nikasema, "Nasema kweli, nililificha jikoni, juu ya kuni, akakimbia mguu mtupu," na sauti ikanikatika, nikawa nalia kabisa, na kulia kwangu kukawa ndiyo kilele cha igizo. Mama mmoja akasema huyu Mzaramo ni hatari, anajua kulia kama mfiwa. Nikamtafuta Mihayo kwa macho. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, akanionyesha kidole gumba. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Miaka yote nimelibeba neno moja, nikaenda kulisemea mahali ambapo hakuna anayetakiwa kuliamini. Wakanivua koti, wakanipa maji, wakafukia.

Nilirudi Pangani siku ya arobaini. Nilimkuta mama Mihayo nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda anachambua mchele wa watu wengi, wengine wako mbele wanafunga turubai. Nikavuta kigoda kingine. Nikamwambia, "Shemeji, lile nililosema makaburini halikuwa utani."

"Najua," akasema, na vidole havikusimama.

"Alikuambia?"

"Mwaka wa kwanza tu wa ndoa. Nilimwuliza mguu, akaniambia yote. Akanikataza nisiwaambie watoto, wasije wakakuangalia vibaya."

"Mbona ulicheka?"

"Watoto walikuwa wananitazama mimi. Ningefanyaje?"

Akatoa punje ya jiwe, akaitupa. Kuku wakaikimbilia na kuiacha. Nilikuwa na swali moja tu duniani, na kwa kuwa mwenye jibu alikuwa amefukiwa, nikaliuliza kwake. "Shemeji, alinikasirikia?"

Alipeta ungo mara mbili, akautua mapajani.

"Kila siku asubuhi," akasema. "Akikaa kitandani kujaza matambara kwenye kiatu. Wakati ule usimsemeshe, hata watoto walijua. Akishafunga kamba basi, anainuka, anakwenda kazini. Na ukija wewe anakuchinjia kuku."

"Mpaka lini?"

"Mpaka asubuhi ya siku aliyokufa," akasema, akanigawia nusu ya mchele nimsaidie.